Chakula cha mbwa cha kilo 15: mlaji ameridhika, mnunuzi bado

Mfuko huu wa chakula kikavu kutoka nje niliununua kwa shilingi 160,000 katika duka moja la Mikocheni, na kwa wiki sita sasa mbwa wangu, Popi, hajabakiza punje bakulini. Manyoya yanang'aa, choo ni kigumu, na harufu ya chakula chenyewe haikeri. Kwa hayo sina neno. Kinachonisumbua ni metali nzito, yaani risasi, zebaki, kadimiamu na aseniki, ambazo lebo haizitaji kabisa.

Lebo inataja protini asilimia 24, mafuta 12, unyevu 10 na majivu 9. Majivu ni madini yanayosalia chakula kikichomwa, na yakiwa mengi mara nyingi huashiria kwamba unga wa nyama uliotumika ulisagwa pamoja na mifupa. Hapo ndipo penye shaka, kwa sababu mwili wa mnyama huipokea risasi kana kwamba ni kalsiamu, ukaihifadhi mifupani, na mifupa hiyo ikisagwa risasi nayo huingia katika punje. Kiambato cha pili ni mchele, zao ambalo kwa kukaa majarubani hufyonza aseniki kuliko nafaka nyingine nyingi. Cha nne ni “unga wa samaki”, bila kutajwa samaki gani, ingawa mnunuzi yeyote wa soko la samaki la Feri anajua kuwa jodari si dagaa: zebaki huzidi kadiri samaki anavyokula samaki wenzake, hivyo jodari huwa nayo nyingi zaidi. Figo na maini, ambako kadimiamu hujikusanya, sikuyaona katika orodha. Labda yamefichwa ndani ya neno “mazao ya nyama”.

Sisi leo tunakula wali, kesho ugali, keshokutwa ndizi. Mbwa hula mfuko uleule asubuhi na jioni kwa miaka, kwa hiyo kiasi kidogo kwake si kidogo. Umoja wa Ulaya unaruhusu risasi isiyozidi miligramu 5 katika kila kilo ya chakula kamili cha wanyama, na zebaki isiyozidi miligramu 0.3 kwa chakula cha mbwa na paka. Popi hula gramu 300 kwa siku. Chakula kikifika ukomo huo, atameza miligramu 1.5 za risasi kila siku na mtengenezaji atakuwa hajavunja sheria.

Nilipoomba cheti cha maabara, muuzaji, kijana mwenye adabu, alicheka: “Mzee wangu, mbwa wenyewe hawajalalamika.” Hata hivyo alinipa namba ya mwagizaji, ambaye baada ya siku tisa alinitumia karatasi yenye vipimo vya sumukuvu na salmonela, basi. Sikupenda pia kuona duka likimimina mifuko ndooni na kupima kilo moja moja, kwa sababu mteja wa namna hiyo huondoka bila namba ya toleo, yaani ya fungu lililotengenezwa pamoja, na mzigo wenye kasoro ukirudishwa kiwandani hatajua kama chake kimo.

Ninatoa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza siku karatasi ya mwagizaji itakapokuwa na mistari minne ya metali hizo pamoja na namba ya toleo inayolingana na ya mfuko wangu. Kwa sasa nusu ya posho ya Popi ni dona na mapafu ya ng'ombe.