Daktari wa mifugo anayekuja nyumbani, Moshi: nyota nne

Nilipopiga simu kliniki, binti wa mapokezi aliniuliza, "Mama, ni mbwa wa kuua au wa kutibu?" Nikakata. Nilikaa kwenye ngazi za baraza karibu nusu saa, kisha nikapiga tena, kwa sababu Simba alikuwa siku ya nne hajala, mdomo unanuka mkojo, na miguu ya nyuma haimfikishi hata kwenye majani kujisaidia. Miaka 13 alilinda nyumba hii. Nawaandikia wenye mbwa mzee, maana mimi sikuwa na wa kuniambia jambo hili la kumpumzisha mbwa kwa sindano ya mwisho linakwendaje.

Daktari alifika saa kumi jioni kama alivyosema. Ni kijana. Gari aliliacha nje ya geti, akanipa shikamoo yangu, akaketi chini karibu na Simba kabla hata ya kufungua mkoba. Sindano ya kwanza ni ya nyama, pajani, ya kutuliza. Tulingoja kama robo saa, kichwa cha Simba mapajani mwangu, akikoroma kama enzi zake. Ndipo akamnyoa manyoya kidogo mguu wa mbele, akaweka kanula, kile kibomba cha kupitishia dawa kwenye mshipa, akauliza, "Mama, tuendelee?" Hii ya pili ni pentobabitoni, dawa ya usingizi kwa dozi kubwa: fahamu zinazima, pumzi inakata, moyo unasimama. Dakika mbili hazikufika. Alikuwa ameshanitahadharisha kwamba huenda ikaja pumzi moja kubwa baada ya kufa, na macho hayatafumba. Pumzi ikaja kweli. Bila kuambiwa ningepiga yowe. Macho niliyafumba kwa kidole, yakafunguka. Katika miaka 31 ya uuguzi nimefumba macho ya watu wengi, haya yakanishinda.

Kijana aliyechimba shimo alitaka kuishia magotini. Daktari akakataa: dawa inabaki mwilini, mbwa wengine wakifukua wakala, nao wanaweza kufa. Likaenda hadi kifuani, kati ya migomba.

Malipo yalikuwa shilingi 70,000 pamoja na usafiri. Lipeni kabla. Mimi nilihesabu noti mikono ikiwa na udongo wa kaburi.

Kazi ilianza usiku. Simba alikuwa anamaliza ndoo ya maji tangu Pasaka, nami nikasema ni joto. Angekuwa mtu, ningempeleka kupimwa sukari siku hiyohiyo! Shemeji yangu alinishauri nichukue kitoto kingine cha mbwa, wanagawa bure. Jirani alisema "si mbwa tu", ila kesho yake akaniletea maziwa, akakaa, hakusema tena.

Siku ya tatu daktari akapiga simu mwenyewe kuniuliza kama nalala. Nikamwambia habari ya maji. Hakunibembeleza. Alisema mbwa akianza kunywa vile, mara nyingi kama theluthi mbili ya kazi ya figo imeshapotea, na hairudi. Ningemleta Pasaka, angempa dripu na kumbadilishia chakula, labda tungepata miezi. Labda. Hilo neno nililipenda kuliko "usijilaumu", ambalo nimewaambia ndugu wa marehemu mara nyingi hata naona aibu. Nikamwambia na lingine: kwamba Simba alitikisa mkia alipomwona anaingia, na mimi ndiye niliyemshikilia mguu. Hapo alinyamaza. Hakukata simu, nami sikukata.

Kwa hiyo daktari namsifu bila kupunguza. Lakini wiki mbili baadaye nikiwa soko la Mbuyuni, ikaingia meseji kutoka kliniki ileile: SIMBA anatakiwa kupata chanjo ya kichaa cha mbwa, tafadhali mlete mapema. Niliweka kapu chini katikati ya watu. Sijaijibu, wala sijaifuta. Nyota ya tano ilikuwa ya yeyote pale ofisini ambaye angekumbuka kufuta jina lake.