Farasi wangu mwoga: kufunzwa upya na kutafutiwa mtu wa kumfaa

Hawa waliomfunza upya farasi wangu nawapa nyota nne. Ya tano nimeibana, na sababu nitaieleza huko mbele.

Shwari ni farasi maksai, yaani dume aliyehasiwa, wa miaka 6. Jina alikuja nalo, na aliyempa sijui alikuwa anaomba dua au anatania. Niliponunua niliambiwa "ameshapandwa". Kweli ameshapandwa, ila mara za kuhesabu, na mimi mwenyewe nilikuwa na miezi michache tu ya masomo. Farasi hajui, mpandaji hajui, kila mmoja anamsubiri mwenzake aongoze. Nikishika tu mkanda wa tumbo, ule wa kufungia tandiko, anaanza kucheza miguu. Alinibwaga mara tatu. Ya mwisho ni kwa sababu ya mfuko wa plastiki ulionasa kwenye uzio, ukapepea kidogo tu. Hapo nikatafuta msaada.

Huduma yenyewe ni hivi: wanamchukua farasi akae kwao, wanamfunza upya, kisha mnakaa kuamua kama anarudi kwako au anatafutiwa mwingine. Tuliandikiana wiki 8.

Kwa zaidi ya wiki 2 za mwanzo hakuna aliyempanda. Nilinung'unika, nikaona nalipia farasi apumzike. Kumbe walianza na daktari. Meno ya farasi huendelea kuchomoza na kusagika karibu maisha yake yote, na yasiposagika sawasawa hubaki na kingo kali. Za Shwari zilikuwa zimemchubua mashavu kwa ndani, kwa hiyo kila nilipovuta hatamu nilikuwa natonesha kidonda. Tandiko langu nalo lilikuwa jembamba mno, likimbana nyuma ya mabega. Mkufunzi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alipitisha vidole viwili pale mgongoni, ngozi ikacheza kama inayofukuza inzi. "Huyu haogopi mkanda," akasema. "Anaogopa kinachofuata." Na mimi mwaka mzima nilikuwa nauita ukorofi.

Meno yakachongwa, tandiko likabadilishwa, ndipo kazi ikaanza, tena chini, si mgongoni. Nililokwenda kulishuhudia ni somo la mfuko. Nilidhani wataupeperusha mbele yake hadi achoke kuogopa. Yule mama aliufunga kwenye fimbo, akashika kamba kwa mkono mwingine, akaanza kutembea akiuelekeza mfuko mbele, farasi akifuata kwa nyuma. Yaani kitu cha kutisha ndicho kinachokimbia! Mizunguko miwili Shwari kichwa juu, macho yamemtoka. Wa tatu akasogeza pua. Mama akasimama, akasubiri. Kichwa kiliposhuka na farasi akaanza kulamba midomo, palepale akauweka mfuko chini na kulegeza kamba. Kosa langu la siku zote lilikuwa hapo: mimi nilibana hadi farasi akatii, kisha nikasahau kuachia. Farasi anajua amepatia pale unapoachia.

Halafu akahamia upande wa kulia na kuanza upya kana kwamba hakuna kilichofanyika, na farasi naye akaruka kama anauona mfuko kwa mara ya kwanza. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia, lakini alichokizoea kwa jicho la kushoto bado kinaweza kumshtua kwa la kulia. Mimi nilikuwa nampiga brashi, namtandika na kumpanda kushoto tu.

Wiki ya 9 nikaitwa nimpande. Alitembea vizuri, tukaingia mchakamchaka, kisha ndege akaruka kwenye nyasi na mwili wangu wote ukakaza. Shwari hakufanya kitu, alisimama tu, masikio nyuma kwangu. "Shuka, mwanangu," mama akaniambia. "Umebana pumzi, naye anasubiri uvute." Jioni ile akanieleza bila kunizungusha: huyu anahitaji mtu mwenye miaka mingi tandikoni, na mimi nahitaji farasi mzee aliyeona mambo. Niliumia. Siku 2 sikupokea simu yake.

Kumtafutia mtu walifanya kwa umakini ambao sikuutarajia. Mteja wa kwanza aliulizia urefu na mbio tu, wakamkataa. Wa pili alikuja mara tatu, na ya kwanza hakugusa hata tandiko; alimsafisha kwato, akatembea naye kwa kamba, akaenda zake. Akapewa mwezi wa majaribio kwa maandishi, na sharti kwamba akishindwa farasi anarudi, hauzwi mnadani. Kasoro zote ziliandikwa, nami nikiwepo.

Sasa nyota iliyopungua. Wiki 8 zilizaa 13, na nyongeza ya malisho na banda nililipa mimi, nikiarifiwa siku chache kabla ya muda kwisha. Farasi mwoga hana ratiba, hilo nalielewa, lakini wangesema tangu mwanzo. Video nazo walinitumia za siku nzuri tu, wakati mwenye farasi anahitaji kuiona siku mbaya. Na kupanda trela hakukuwemo kwenye mafunzo! Tulikuja kugundua siku ya kuhama, tukahenyeka kwa muda wa karibu saa 2 mlangoni mwa trela. Ukienda kwao, liandikwe kwenye mkataba.

Juzi mmiliki mpya wa Shwari kanitumia video. Wanapita kando ya turubai la bluu linalopigwa na upepo. Sikio moja linageuka, hatua inapungua kidogo, wanapita. Mimi sasa napanda farasi jike wa miaka 19 ambaye nikimfunga mkanda anasinzia.