Sedani ya spoti: pakeji ya pafomansi au ya starehe, hela ianzie wapi

Ukifungua orodha ya oda unakuta pakeji mbili zinakutolea macho, na wengi wanachagua kwa jina tu. Mi nasema achana na jina, angalia ndani kuna nini, alafu tanguliza vile vitu ambavyo gari likishatoka kiwandani kuviongeza ni mateso.

Kwa hiyo namba moja ni shokapu za kielektroniki. Kuna kampuni zinaziweka kwenye pafomansi, zingine kwenye starehe, na zote ziko sahihi, maana ukiweka komfoti zinalegea, ukibonyeza spoti zinakaza, gari ni lile lile. Kuja kuzifunga baadaye sio shokapu tu, kuna sensa, waya na kompyuta yake.

Pili siti. Zile za spoti zenye mbavu pembeni zinakushika vizuri kwenye kona ila mtu mwenye mapaja makubwa zitambana, so kaa humo muda wa kutosha, usiingie na kutoka.

Tatu breki kubwa na difu ya LSD. Watu wanadhani breki kubwa zinasimamisha gari karibu zaidi, kwa kukanyaga mara moja tofauti sio kubwa kihivyo, hapo tairi ndo linaamua. Faida yake unaiona ukishuka mlima mrefu au ukifunga breki mfululizo, hazichoki haraka kwa joto. LSD nayo inazuia tairi moja kuzunguka bure ukikanyaga mafuta unatoka kwenye kona. Kama safari zako ni kazini na nyumbani, ruka zote mbili, pedi na diski zake zenyewe bei imechangamka.

Nne vioo vya tabaka mbili vya kupunguza kelele, na spika nzuri. Sanrufu mi siipi namba, inaongeza uzito juu kabisa ya gari na mtu mrefu kichwa kinagusa.

Mwisho kabisa rimu kubwa, ambazo ndo zinauza pakeji ya pafomansi kwenye picha! Piga hesabu: tairi la 225/45R18 (upana milimita 225, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 18) ukuta wake ni kama milimita 101, la 225/40R19 ni 90. Hiyo sentimita moja iliyoondoka ndo ilikuwa inameza mashimo, sasa utayameza wewe na rimu yako. Na kama za nyuma ni pana kuliko za mbele huwezi kubadilishana mbele na nyuma, zikiisha unanunua tu.

Alafu usichanganye, M Sport ya BMW au AMG Line ya Mercedes kwa sehemu kubwa ni mavazi, bampa, usukani, rimu, pengine na springi fupi kidogo, injini ni ile ile. Sio M3 wala C 63, yale magari yao ya spoti yenyewe.

Ukienda kujaribu gari soma namba ya tairi ubavuni kwanza, ukikuta ni la inchi 18 na we umeoda 19, ulaini ulioupenda pale hautakuja na gari lako.