Huduma za Jiji la Dar es Salaam: mikopo ya asilimia 10, leseni ya TAUSI na barua ya mtaa

Kabla ya kutathmini huduma za Jiji la Dar es Salaam, hakikisha kwanza kwamba wewe ni wa jiji hilo. Mkazi wa Upanga, Kariakoo, Buguruni, Segerea au Chanika yumo. Wa Mbagala, Sinza au Mikocheni hayumo, ingawa naye ni mtu wa Dar. Februari 2021 halmashauri ya jiji ya zamani, iliyokuwa imesimama juu ya manispaa zote, ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi ikawa ndiyo Jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zimebaki manispaa, kila moja na mkurugenzi wake, maafisa wake na bajeti yake. Watu bado wanapeleka fomu Ilala kwa sababu tu zimeandikwa "Jiji", kisha wanarudishwa. Eneo hili lina kata 36, na Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 1,649,912. Ni idadi kubwa kwa ofisi moja, na ukubwa huo unaeleza mengi kuhusu foleni zake.

Tathmini yenyewe ni hii: pale ambapo huduma imehamia kwenye mfumo wa kompyuta na malipo yanakwenda kwa namba ya malipo, imekuwa bora kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Pale inapotegemea saini ya mtu wa mtaa au wa kata, ubora wake ni ubora wa mtu huyo. Mwombaji anayelijua hili anaokoa wiki nzima.

Huduma yenye thamani kubwa zaidi kwa mwananchi wa kipato kidogo ni mikopo ya asilimia 10. Sheria inazitaka halmashauri zote nchini zitenge sehemu hiyo ya mapato yao ya ndani, baada ya kutoa vyanzo lindwa (fedha zilizokwisha kupangiwa kazi maalumu), ziwakopeshe wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Haina riba. Mtu aliyewahi kukopa kwa "kausha damu", wakopeshaji wa mitaani wa riba kubwa, anajua uzito wa maneno hayo mawili. Jiji lenye Kariakoo na ofisi za katikati ya mji ndani ya mipaka yake lina mapato ya ndani ambayo halmashauri nyingi haziyaoti, kwa hiyo na fungu la mikopo ni kubwa.

Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonyesha marejesho yasiyorudi na vikundi ambavyo wakaguzi walivitafuta wasivione. Iliporudi katika mwaka wa fedha 2024/25 ilirudi na utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikateuliwa kuitoa kupitia benki kwa majaribio. Jiji la Dar es Salaam ni mojawapo, pamoja na Dodoma. Maombi nayo yanaingizwa kwenye mfumo wa Wezesha badala ya faili la karatasi linalozunguka mezani. Mabadiliko haya yana maana. Faili lililopotea zamani halikuwa na mwenyewe. Ombi lililomo kwenye mfumo linaonyesha limekwama hatua gani.

Kazi halisi ya mwombaji huanza kabla ya mfumo. Wanawake na vijana huomba kwa vikundi, na watu watano ndio kiwango ambacho vikundi vingi huanzia. Mtu mwenye ulemavu anaruhusiwa kuomba peke yake. Kikundi kinahitaji katiba, uongozi (mwenyekiti, katibu, mweka hazina), cheti cha usajili kinachopitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, namba za NIDA za wanachama wote, na muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa. Muhtasari huo utaje kiasi, shughuli, muda wa kurejesha, na uwe na saini ya kila mwanachama. Muhtasari usemao tu kwamba "wajumbe walikubaliana kuomba mkopo" hurudishwa, na ni haki urudishwe.

Majina ndiyo yanayoangusha maombi mengi kuliko kitu kingine. Kwenye katiba mtu kaandikwa majina mawili, NIDA ina matatu, akaunti ya benki imefunguliwa kwa jina la ndoa. Mfumo hausamehe. Kabla ya kuchapa katiba, kusanyeni vitambulisho vyote mezani na mnakili majina herufi kwa herufi.

Halafu andiko la mradi. Hapa vishoka wa maandiko wanauza nakala moja kwa vikundi ishirini, na afisa wa kata amekwisha kuisoma mara ishirini. Andiko zuri la kikundi kidogo halizidi kurasa chache: mnafanya nini sasa, mnauza wapi, mnauza kiasi gani kwa wiki, mtanunua nini kwa fedha hizi, profoma (hati ya bei) ya muuzaji iko wapi, na marejesho yatatoka kwenye faida ipi. Kikundi cha ushonaji kinachoomba mashine za overloki kieleze na umeme wa chumba wanachofanyia kazi. Kikundi cha kuku kieleze chanjo na banda kabla ya kueleza soko.

Maombi hupita kata, kisha halmashauri, kisha uhakiki wa ngazi ya wilaya, ndipo mkataba. Kwenye kata watu wanakuja kuona. Wasipokuta mradi, au wakakuta wanachama wawili kati ya watano na wengine "wamesafiri", ombi limeishia hapo.

Sasa hesabu, kwa sababu mkopo usio na riba nao huua kikundi. Tuseme watu watano wamepata shilingi milioni 15 za kurejesha kwa miezi 24. Kwa mwezi ni 625,000, sawa na 125,000 kwa kila mwanachama. Ukifanya kazi siku 26 ni karibu 4,800 kila siku kabla hujala. Mmoja akitoroka, wanne waliobaki wanabeba 156,250 kila mmoja, kwa kuwa mkataba ni wa kikundi na deni ni la wote. Ndiyo maana kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo, na watu waliokutana mwezi uliopita, ni hatari kwa kila aliyetia saini. Vikundi vinavyodumu ni vile vilivyokuwa vikiweka akiba pamoja, vya kucheza upatu au VIKOBA, ambavyo tayari vinajua nani hulipa Jumamosi na nani huzima simu.

Kosa jingine ni kugawana. Fedha inaingia, kila mtu anachukua milioni 3 zake, mmoja anaongeza mtaji wa nguo, mwingine analipa ada, wa tatu anamalizia msingi wa nyumba. Baada ya kipindi cha neema, yaani muda wa kusubiri kabla ya kuanza kurejesha, hakuna mradi wa kikundi wa kurejesha chochote. Na mnaponunua pikipiki au mashine, kadi na risiti zisomeke kwa jina la kikundi, na bima ilipwe siku hiyo hiyo. Pikipiki iliyoandikwa jina la katibu ni ya katibu, hata mkipigana.

Kasoro ya Jiji hapa ni ufuatiliaji. Afisa maendeleo mmoja kwenye kata yenye watu maelfu kwa maelfu hawezi kukitembelea kila kikundi, na mafunzo kabla ya mkopo mara nyingi ni ya siku chache ukumbini. Benki itajua kwamba rejesho limechelewa. Haitajua kwamba kuku wamekufa kwa kideri. Kikundi kinachopata msiba wa namna hiyo kiandike barua kwa afisa maendeleo wa kata na nakala kwa benki mara moja, kikiambatanisha uthibitisho. Kukaa kimya miezi mitatu kunasomeka kama utoro.

Leseni ya biashara ni habari ya furaha zaidi. Inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, na kama nyaraka zimekamilika unaweza kuipata bila kukanyaga ofisi. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA na ya simu, unachagua halmashauri, kata na mtaa, unaingiza TIN (namba ya mlipakodi), unapakia cheti cha TRA cha uthibitisho wa kulipa kodi pamoja na mkataba wa pango, unachagua aina ya biashara, unasubiri afisa biashara akubali, unapata namba ya malipo, unalipia kwa simu au benki, unachapa. Kabla ya hapo hakikisha biashara yako ni ya kundi B, la leseni za halmashauri, maana zile za kundi A, zenye sura ya kitaifa na kimataifa, leseni zake hutolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara.

Leseni ni ya miezi 12 tangu ilipotolewa, na ni ya biashara moja mahali pamoja. Duka la vipodozi lililoongeza uwakala wa fedha pembeni lina biashara mbili. Kuhamisha duka kutoka Gerezani kwenda Tabata bila kubadilisha taarifa ni kosa linaloonekana siku ya ukaguzi, kwa sababu msimbo uliochapwa kwenye leseni ukisomwa kwa simu unaonyesha mtaa ulioandikishwa. Chelewesha kuhuisha, na faini inaongezeka juu ya ada.

Yanayokwamisha ni haya: anuani iliyoko kwenye TIN ni ya nyumbani Gongo la Mboto wakati duka liko Kariakoo, cheti cha TRA kimeisha muda, au aina ya biashara imechaguliwa kwa kubahatisha na ada ikaja ya juu. Rekebisha anuani TRA kwanza, kisha rudi TAUSI. Na tahadhari kubwa kuhusu stesheneri: kijana anayekufungulia akaunti hutumia mara nyingi namba yake ya simu ili kazi iende haraka. Mwaka unaofuata nywila imesahaulika, ujumbe wa kuthibitisha unakwenda kwenye simu ambayo haipatikani tena, nawe huwezi kuingia kwenye biashara yako mwenyewe. Mlipe kwa kazi ya kuchapa, lakini namba na barua pepe ziwe zako.

Wenye vyakula wana hatua ya ziada: afisa afya hukagua jengo, maji, choo na sehemu ya kuhifadhi taka, na wahudumu wote hupimwa afya kila miezi sita. Leseni ya vileo nayo ni ya miezi sita, haifuati kalenda ya leseni ya kawaida, na wengi hukamatwa hapo.

Sasa barua ya mtaa, yaani barua ya kumtambulisha mkazi, inayoonekana ndogo na inayoshika kila kitu: NIDA, dhamana polisi, akaunti ya benki, shule ya mtoto, kikundi. Anayestahili kuiandika ni ofisi ya serikali ya mtaa, yaani mwenyekiti aliyechaguliwa (uchaguzi wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024) na mtendaji wa mtaa aliyeajiriwa. Mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Kuanzia kwake ni mazoea, na mazoea hayo yanawanyima usingizi wapangaji wapya ambao hawafahamiki naye. Nenda na mkataba wa pango au mwenye nyumba, kitambulisho chochote ulicho nacho, na picha mbili za pasipoti. Hakikisha barua ina tarehe, muhuri, jina la mtaa na kata, na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ofisi nyingi zina muhuri mmoja, na anayeushika akisafiri nao, huduma imesafiri; piga simu kabla ya kwenda. Malipo halali ya serikali yana namba ya malipo na risiti. Ukitajiwa kiasi cha kuweka mkononi, omba namba hiyo kwa upole, na mazungumzo hubadilika. Usipoelewana na mtaa, unapanda kwa mtendaji wa kata, si kwa diwani, ambaye kazi yake ni uwakilishi.

Malalamiko mengi dhidi ya Jiji si ya Jiji hata kidogo, na kuyapeleka kusikostahili kunachosha pande zote. Barabara za mitaa na mifereji yake ziko chini ya TARURA tangu 2017. Barabara kuu ni za TANROADS, maji na majitaka ni DAWASA. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU: tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa. Taka ndizo za Jiji, kupitia mkandarasi au kikundi cha kata, na gari lisipopita wiki nzima anayewajibika kusikia ni afisa afya wa kata. Mpelekee tarehe ambazo gari halikuja na risiti za miezi uliyolipa, kwani mkandarasi hujibu kwa kusema eneo hilo halilipi.

Huduma mbili hazitangazwi vya kutosha. Afisa ustawi wa jamii husuluhisha matunzo ya mtoto na migogoro ya ndoa bila malipo, na barua yake ya wito huheshimiwa kuliko wengi wanavyodhani. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mawasiliano ya mzazi mwenzako na orodha ya gharama za mwezi. Na kwa mgogoro wa ardhi, baraza la kata tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linapatanisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wenye viwanja Chanika na Msongola bado wanakaa miaka wakingoja hukumu ya kata ambayo haiwezi kutoka. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba usuluhishi umeshindikana, uchukue mkataba wako wa mauziano pamoja na majina ya majirani waliokuwa mashahidi, ufungue shauri wilayani.