Seti ya nyaya na mpira wa maji ya mlango wa buti: miezi saba baada ya kuifunga

Gari langu ni la milango mitano, lina umri wa miaka 16, na kwa karibu mwaka mzima lilikuwa na kasoro mbili ambazo nilidhani hazihusiani. Kitufe cha kufungulia buti kilikuwa kikikubali siku moja na kukataa siku tatu, na maji ya kuoshea kioo cha nyuma yalikuwa yamekoma kabisa, ingawa pampu ilisikika ikiunguruma kila nilipousukuma mkono wa kuwashia waipa. Seti ninayoieleza hapa, ambayo huuzwa ikiwa na nyaya, ala mpya ya mpira ya kupitishia nyaya hizo na kipande cha mpira wa maji, iliziondoa kasoro zote mbili kwa kazi ya alasiri moja. Naisifu kwa dhati, lakini ina upungufu ambao mnunuzi anapaswa kuujua kabla hajashika koleo.

Nyaya zinazokwenda kwenye mlango wa buti, yaani za loki, za waipa, za kuondolea ukungu kwenye kioo na za taa za kibao cha namba, hupita ndani ya ala ya mpira iliyo karibu na bawaba, na katika magari mengi mpira wa maji nao hupita humo humo. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, ala hiyo hujikunja mahali pale pale. Miaka inapopita, ganda la waya hukakamaa na kupasuka, kisha shaba iliyomo ndani hukatika uzi mmoja baada ya mwingine. Mpira wa maji nao huchomoka kwenye kiungo chake, na kuanzia hapo kila mtu anapojaribu kuosha kioo, maji humwagika juu ya nyaya ambazo zimekwisha kuwa wazi. Kwa hiyo kasoro ya maji huiharakisha kasoro ya buti, na anayeshughulikia moja peke yake huiacha kazi nusu.

Mimi niliiacha nusu. Fundi wa kwanza alichomoa soketi ya loki, akapima kwa mita, akapata volti 12, na akahitimisha kwamba mota ya loki imekufa. Nilinunua loki nzima, ikafungwa, ikafanya kazi kwa wiki mbili, kisha buti likagoma tena. Baadaye nilielewa kosa lilikuwa wapi: mita huvuta umeme kidogo mno, hivyo waya uliobakiwa na nyuzi mbili za shaba bado huonyesha volti kamili, ilhali mota inapohitaji nguvu ya kweli umeme huo hauwezi kupita. Taa ndogo ya kujaribia, yenye balbu ya nyuzi, ingeusema ukweli pale pale, kwa sababu ingewaka kwa unyonge au isiwake kabisa. Dalili nyingine nilikuwa nazo mbele ya macho na sikuzitilia maanani: taa za namba zilikuwa zikififia, kitambaa cha dari kilikuwa na unyevu karibu na bawaba, na buti lilikuwa likikubali kufunguka iwapo mtu aliusukuma mlango kwa kiganja huku mwingine akibonyeza kitufe.

Kabla ya kufunga seti, ilinibidi niingie ndani ya gari, nilaze viti vya nyuma, nibandue kifuniko kidogo kilicho kwenye paneli ya mlango na kusukuma ulimi wa loki kwa bisibisi. Buti likishafunguka, ndipo uchomoe waya hasi wa betri, na mlango ubaki wazi hadi mwisho wa kazi. Ukiufunga wakati betri haijaunganishwa, utarudi kulalia viti. Nilipoivuta ala ya zamani kutoka pande zote mbili, nilikuta nyaya tatu zimekatika kabisa, nyingine mbili zimevuliwa ganda, na shaba yake imegeuka kijani. Mpira wa maji ulikuwa umechomoka na kulala kando yake, na tone la maji lilikuwa bado linaning'inia kwenye ncha.

Kilicho bora katika seti hii ni nyaya zenyewe. Ganda lake ni la silikoni, ambalo hubaki laini hata kwenye baridi, na nyuzi zake za shaba ni nyembamba na nyingi, jambo linaloufanya waya ustahimili kukunjwa mara nyingi. Urefu wake pia umefikiriwa: viungo vyote vinaweza kukaa nje ya sehemu inayojikunja, upande mmoja ndani ya dari na upande mwingine ndani ya mlango. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Waya ukiunganishwa ndani ya ala, hasa kwa kulehemu, risasi huingia kati ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na waya hukatika tena pembeni mwa kiungo. Viungo vilivyomo kwenye seti ni vya kubana kwa koleo, vikiwa na ganda linalosinyaa kwa joto na gundi ndani yake inayozuia maji. Nilivipanga kimoja juu kidogo ya kingine ili visirundikane mahali pamoja, na ala ikaingia kwenye matundu yake bila kulazimishwa.

Rangi za nyaya, kwa upande mwingine, hazilingani na za gari. Karatasi ya maelekezo hailitaji jambo hilo hata kwa neno moja, na mtu akikata nyaya zote kwa pamoja atajikuta ameshika ncha ambazo hazijui. Nilikata waya mmoja, nikauunganisha pande zote mbili, ndipo nikahamia unaofuata. Kazi ikaenda polepole, lakini taa, waipa na loki vilikubali kwa jaribio la kwanza.

Kwenye mpira wa maji ndipo ninapokuwa na malalamiko ya haki. Mpira wenyewe ni mzuri, ila viungo vyake viwili vya plastiki ni vyepesi kupita kiasi, na kimoja kilipasuka nilipokisukuma kwa vidole tu, kabla maji hayajapita. Niliweka kiungo nilichonunua kando, nikauchovya mpira kwenye maji moto ili ulainike, na baada ya hapo ukaingia hadi mwisho na kushika. Seti pia haina valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi kwenye tangi, na bila valvu hiyo unaweza kusubiri sekunde kadhaa kabla maji hayajafika nyuma. Niliiongeza mwenyewe, mshale wake ukielekea kwenye kioo. Tundu la kurushia maji lilikuwa limeziba kwa chokaa, nikalizibua kwa sindano.

Mwenye gari ambalo pampu yake moja huzunguka upande mmoja kupeleka maji mbele na upande wa pili kupeleka nyuma asiharakishe kununua pampu mpya kwa sababu tu kioo cha nyuma kinakosa maji. Avute mpira mahali unapoingilia ala, auelekeze kwenye chupa, kisha mtu abonyeze: maji yakitoka hapo kwa nguvu, tatizo liko baada ya hapo, kwenye ala au kwenye tundu.

Miezi saba imepita na buti limefunguka kila siku, mvua na jua. Naipa seti hii nyota nne kati ya tano, na nyota iliyobaki nimeizuia kwa sababu ya viungo vile vya plastiki. Nimemwandikia muuzaji nikiambatisha picha ya kiungo kilichopasuka, naye amenitumia viwili vingine vya plastiki nene zaidi, ambavyo nimevihifadhi kwenye sanduku la vifaa.