Mutura ya buchani: nimeonja mabucha matano, maksi ni hizi

Tusikosane mapema. Mimi ni mama wa miaka 43, natunza vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Githurai 45, na mutura, ule utumbo wa kujazwa na kuchomwa, naipenda. Wanawake wenzangu wanaoipenda ni wengi, ila wengi wao humtuma mtoto au mzee wa nyumba, ifungwe kwenye karatasi, iliwe jikoni mlango ukiwa umerudishwa. Mimi husimama pale pale penye moshi, mkoba kwapani, nachukua kipande ubaoni kwa vidole kama kila mtu. Zamani nikifika mazungumzo yalikatika. Siku hizi wananisogezea chumvi na habari za Arsenal zinaendelea.

Ubishi ulianzia kazini. Kijana wetu wa stoo alisema mutura zote ni moja. "Ni damu na matumbo tu, mathe. Utamu ni njaa yako." Nikamwambia mdomo anao ila ulimi hana, anipe wiki moja nimletee maksi.

Sheria nilizojiwekea ni chache. Bucha iwe ya mtu binafsi na iwe na jiko lake mlangoni. Sina ugomvi na wale wa mkokoteni kule stejini, lakini wengi wao hununua matumbo kwa ndoo, na aliyenunua kwa ndoo hawezi kukuambia mbuzi wake alichinjwa lini. Mwenye bucha anayechoma mwenyewe hana pa kujificha, kwa sababu nyama imening'inia hapo nyuma ya kioo. Kila mahali nanunua ya shilingi mia moja. Kipande cha kwanza nakula kitupu, bila chumvi wala kachumbari. Halafu nusu naibeba nyumbani kwenye kopo, naila asubuhi ikiwa baridi kabla ya chai. Mutura ya moto inaweza kukudanganya, hasa saa moja jioni ukitoka kazini. Ikishalala haidanganyi tena.

Kwa msiotoka upande wetu: ni utumbo uliojazwa matumbo na nyama iliyokatwakatwa, damu, mafuta, kitunguu, dhania, tangawizi na pilipili, ukachemshwa, kisha ukachomwa kwenye makaa. Jirani yangu ametoka Kisauni, akaniuliza kama hiyo si soseji tu. Ni soseji, nikamwambia, na ilikuwa huku kabla soseji za smoki hazijaanza kupasuliwa stejini. Yeye ni Mwislamu, damu kwake ni haramu, kwa hiyo tukaishia hapo kwa heshima. Siku moja alinisindikiza hata hivyo, akanunua mahindi ya kuchoma na kusimama upande usio na moshi, akinitazama kama mtu anayemtazama shangazi yake akipanda pikipiki.

Nyumbani kwetu Ol Kalou hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Krismasi moja kaka zangu walichelewa kutoka mjini, mbuzi ameshachinjwa, na baba hana wa kumshikia. Akaniita. Nilikuwa darasa la sita. Nilishika mdomo wa utumbo kwa vidole vinne nikiupanua, naye akamimina kwa kichwa cha chupa ya plastiki alichokikata kikawa faneli. "Usijaze," aliniambia. "Utumbo ukipata moto hunywea. Ukiujaza kama gunia utapasukia sufuriani, tule uji." Maji hayakuruhusiwa kutokota, yalipaswa kuchezacheza tu. Halafu alidunga kwa mwiba: ikitoka damu, bado, yakitoka maji ya mafuta, epua. Nimeyaeleza haya ili mjue maksi zangu zinatoka wapi. Damu kwenye mutura kazi yake ni kushikilia vingine. Ikizidi, unakula ini bandia. Ikipungua, kisu kikipita kila kitu kinamwagika ubaoni.

Nilianza Jumatano na Zimmerman. Bucha safi kabisa, vigae vyeupe, kioo kimepanguswa, muhuri wa mkaguzi unaonekana kwenye paja. Mutura ni ya ng'ombe, nene kama kifundo cha mkono wangu, imejikunja juu ya wavu kama mpira wa kunyunyizia maji. Ngozi imekauka vizuri. Kisu kikigusa, inalia kra. Nikasema moyoni nimeanza na mshindi. Kisha nikatafuna, na yote niliyoyasikia ni tangawizi. Nikatafuta nyama, tangawizi. Nikatafuta dhania, tangawizi. Kwa kawaida mkono mzito hivyo unaficha matumbo yaliyolala, lakini hapa sikuona la kufichwa, ni mchomaji tu aliyeambiwa na mtu kwamba tangawizi ni dawa. Asubuhi kikiwa baridi kipande kilikuwa kile kile, kama nimenawa mdomo kwa chai ya mafua. Sita kwa kumi, na hizo sita ni za ngozi.

Alhamisi nilishuka Kahawa Wendani, ambako wateja ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na bei inafuata mifuko yao. Vipande ni vidogo, pilipili ni nyingi, foleni inakwenda mbio. Damu imezidi na nyama unaitafuta kwa tochi. Sikasiriki. Ningekuwa na miaka 20 na mkopo wa masomo wa HELB haujaingia ningekula hapo kila siku. Tano.

Bucha ya Ijumaa siitaji, wala mtaa wake. Mwenyewe ni mtu mpole na sitaki kumharibia. Lakini lazima niseme kilichotokea. Kipande cha kwanza, meno ya nyuma yakakutana na chembe. Nikadhani ni makaa. Cha pili, tena. Ilikuwa mchanga, na mchanga kwenye mutura una maana moja tu: matumbo yalisuuzwa haraka haraka. Utumbo hugeuzwa ndani nje, ukaparuzwa kwa mgongo wa kisu, ukasuguliwa kwa chumvi, ukaoshwa tena na tena mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Ni kazi ya saa nzima na mgongo unauma. Kuna mtu aliifanya kwa dakika kumi. Halafu nikaona kitambaa kinachopangusa ubao, nikaona ni hicho hicho kinachopangusa mikono, na shingo mara moja. Nikatema kwenye tishu taratibu, nikitumaini hakuna aliyeona. Mchomaji aliona. Akanikazia macho, akachota pilipili kwa ncha ya kisu, akaiweka mbele yangu. "Jaribu na hii, madam."

Mbili. Moja ya moto wake, ambao kwa kweli ulikuwa mzuri, na moja ya hiyo pilipili aliyonipa kwa moyo safi. Nusu ya kubeba sikuibeba.

Jumamosi ilikuwa Kahawa West, na ndiyo siku jirani alikuja na mahindi yake. Hapa mutura ni ya mbuzi, anayeletwa alfajiri kutoka machinjio ya Kiamaiko, na ya mbuzi ni nyembamba, nyeusi zaidi, na harufu yake inakufikia kabla hujavuka barabara. Lakini kilichoniweka hapo kwa saa nzima ni mchomaji. Tulikuwa watu kama tisa tumeuzunguka ubao mmoja, kila mtu na kichuguu chake cha vipande, chumvi katikati. Hakuna anayeandika. Unasema "niongeze ya ishirini," anakata, anasukuma upande wako, anageukia mwingine. Wengine wanaondoka kununua sigara na kurudi. Mmoja alipokea simu akapotea dakika ishirini. Kijana anakata tu, anageuza, anapuliza makaa, anabishana juu ya penalti. Nilipotoa simu nilipe kwa till, nikaandika mia. Akasema bila kuinua macho, "Mathe, umekula ya themanini. Ishirini yako iko." Nikahesabu kichwani, mimi ninayelipwa kwa kuhesabu, nikakuta ni kweli. Nikamwambia basi anifungie ya kubeba iliyobaki.

Nyama iko, unaiona: vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, si rojo. Pilipili inakuja mwisho, polepole, baada ya kumeza. Baridi ya asubuhi mafuta yaliganda juu ya kaakaa, na hilo si kosa, mafuta ya mbuzi ndivyo yalivyo. Mtu asikuambie ni uchafu. Kilichomkata maksi ni kachumbari. Nyanya zilikuwa zimepanda bei, najua, lakini alikuwa amejaza kabeji, na kabeji mbichi pembeni ya mutura ni kama mgeni wa harusi aliyekosea ukumbi. Nane.

Ruiru nilienda Jumapili baada ya kanisa, nikiwa nimechoka na kusema kweli nimeanza kuchoka na mutura pia. Bucha ni chumba kimoja, mlango umepakwa rangi nyekundu iliyopauka, mizani ya zamani ile ya sahani na mawe imewekwa kando ingawa ya umeme ipo. Mwenyewe ni mzee, amepita sabini kwa macho yangu, na nilifika mapema mno. Hakuna kilichokuwa tayari.

"Kuketi kuna gharama?" nikamwuliza.

"Kuketi ni bure, mama. Kuharakisha ndiko kuna gharama."

Basi nikaketi kwenye kreti ya soda na kumtazama. Damu ilikuwa kwenye beseni, naye akaikoroga kwa kijiti, akikiinua kila baada ya muda na kuvua nyuzi zilizojizungusha, kama mtu anayetoa sufi kwenye mto. Damu isipokorogwa inaganda mabonge, na mabonge hayo ndiyo yale unayokutana nayo kwingine yakidhaniwa ni ini. Nyama aliikata kwa kisu, hakusaga. Akachanganya kwa mkono, akanusa, akaongeza dhania, akanusa tena. Hakuonja, maana huwezi kuonja kitu kibichi hivyo. Pua ndiyo iliyofanya kazi. Alipofika kwenye kujaza aliacha theluthi ya utumbo ikiwa tupu, akafunga mdomo kwa kijiti kilichochongwa, akachomeka kama pini ya nepi. Nilikuwa sijaona kijiti hicho tangu Ol Kalou. Mabucha mengine yote manne yalifunga kwa uzi.

Ilichemka taratibu, zaidi ya nusu saa, naye akisogeza kuni kila maji yalipotaka kutokota. Kisha wavuni, mbali na moto mkali, ikigeuzwa kwa ncha ya kisu mpaka ngozi ikaanza kutoa vipovu vidogo vya mafuta. Alikata kipande cha mwisho, kile cha kwenye kijiti, ambacho huwa kimekauka na kuungua kidogo, akanipa juu ya kisu. Kwetu hicho ndicho baba alinipa siku ile nilipomshikia. Mzee hakujua, alinipa tu kwa sababu nilikuwa nimengoja sana.

Nitajaribu kueleza ladha bila kutia chumvi. Ngozi inapasuka, halafu kuna ulaini, halafu katikati ya ulaini unakutana na kipande cha nyama chenye ukinzani, halafu dhania. Tangawizi ipo kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Hakukuwa na kachumbari kabisa. Chumvi tu, na kikombe cha supu ya kichwa na miguu. Asubuhi baridi, kipande kilikatika bila kumwagika, na harufu ilikuwa ya nyama, si ya friji. Tisa na nusu. Hiyo nusu nimemnyima kwa sababu ya moshi wa kuni mbichi, ulioniharibia blauzi ya kanisa, na kwa sababu vipande vyake ni vidogo kuliko vya Kahawa West kwa pesa ile ile.

Jumatatu nilimpelekea kijana wa stoo kopo lenye vipande viwili baridi, kimoja cha Zimmerman nilichokuwa nimekigandisha, kingine cha Ruiru, sikumwambia kipi ni kipi. Na nilihakikisha ameshakula chapati mbili na ndengu, asije akaniletea hadithi ya njaa. Akala cha kwanza, akasema ni mutura. Akala cha pili, akanyamaza, akachungulia kopo kama kuna kingine. Kisha akasema labda zile chapati hazikumshibisha.

Jioni hiyo hiyo alipanda matatu kwenda Ruiru akakuta jiko limefunikwa kwa bati. Jumatatu na Jumanne mzee haendi kichinjioni, na bila damu ya siku hiyo hajazi. Nendeni kuanzia Jumatano, mutura inatoka saa kumi na moja na nusu jioni hivi. Ukifika baada ya saa moja na nusu utapata supu.