Rozeti, medali na singa za mkia: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Baba yangu alikuwa saisi. Kwa miaka zaidi ya ishirini aliamka saa kumi alfajiri kulisha, kusugua na kutandika farasi wa watu kule Karen, Nairobi, na mkesha wa mashindano ya farasi ya Jamhuri Park alikuwa halali usingizi, anasuka manyoya ya shingo zao mmoja baada ya mwingine. Rozeti, yale maua ya utepe anayofungwa farasi mshindi kwenye hatamu, huenda nyumbani na mpandaji. Baba alipewa mbili tu maisha yake yote, nyekundu na ya bluu, na wapandaji waliotaka kumshukuru. Akazitia kwenye sanduku la bati, lile lile nililokwenda nalo bweni, na alipostaafu akahamia nalo kwa kaka yangu Likoni, Mombasa.

Miaka minne baadaye nililifungua. Uvundo ulinipokea kabla mfuniko haujainuka vizuri. Rozeti nyekundu ilikuwa imelalia ya bluu na kuiachia doa la rangi ya damu ya mzee. Kadi za katikati zimevimba, herufi za dhahabu zimebanduka, na pini ya nyuma imeshika kutu hadi ikatoboa utepe. Nyuma ya kadi baba alikuwa ameandika jina la farasi kwa kalamu ya wino. Wino ulikuwa umesambaa, sikuambulia hata herufi moja. Nikamwuliza. Akaigeuza mkononi, akasema, "Tufani huyo. Alikuwa anaogopa maji."

Sasa binti yangu anapanda farasi, na nyumba yetu ya Nairobi ina rozeti kumi na saba, medali, namba za mgongoni, viatu viwili vya farasi na fungu la singa za mkia. Nimenunua vingi katika kutafuta pa kuviweka, vingine nimevitupa. Ninayoyapanga hapa yametokana na hasara hiyo.

Kinachoharibu

Ni mwanga, unyevu, na kile kitu kinachogusana nacho. Mwanga hupausha rangi, na rangi iliyopauka hairudi hata ukifunika kesho yake. Makumbusho hujitahidi mwanga unaoangukia nguo na vitambaa usizidi luksi 50, wakati ofisi ya kawaida ina 300 hadi 500, na ukuta unaopigwa na jua la dirishani una maelfu. Ukungu nao huanza kujisikia nyumbani unyevu wa hewani ukipita asilimia 65 hivi. Mombasa hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Nairobi ni nafuu, ila masika ya Aprili na Mei, na baridi ya Julai, usidanganyike.

Kabla ya kwenda dukani

Pima rozeti yako ndefu zaidi, kuanzia juu ya ua hadi ncha ya mkia wa utepe. Nyingi hucheza kwenye sentimita 30 hadi 35, na za ubingwa huzidi. Mimi nilinunua sanduku zuri la sentimita 28 kwa kukadiria kwa macho, nikaishia kukunja mikia. Mkunjo katika utepe wa satini ukikaa mwaka mmoja hautoki kwa pasi.

Kisha andika. Kalamu ya wino iache. Chukua penseli laini, karatasi ndogo, uandike jina la farasi, mpandaji, saisi, mahali, tarehe, aina ya shindano, urefu wa viunzi na nafasi aliyoshika. Usiseme rangi itajieleza. Kwa desturi ya Uingereza nyekundu ni ya kwanza, bluu ya pili, njano ya tatu, kijani ya nne. Marekani bluu ndiyo ya kwanza na nyekundu ya pili. Mpwa wangu aliye huko alipotumiwa picha ya rozeti ya bluu alimpigia binti simu kumpongeza kwa kuongoza, na binti ikabidi amweleze kwamba alikuwa wa pili.

Piga pia picha kila rozeti, mbele na nyuma, uweke nakala mahali pawili.

Namba moja: sanduku la plastiki la polipropilini

Najua wengi wangetaka niseme fremu. Nimeweka sanduku juu kwa sababu linazuia maadui wote watatu kwa pesa kidogo, na mtoto akiendelea kushinda linaendelea kupokea. Bei ya fremu moja ya kuagiza hununua masanduku matatu na chenji ikabaki.

Ukifika dukani ligeuze, utafute alama ya mishale mitatu iliyounda pembetatu chini yake. Unataka namba 5, au herufi PP. Namba 2 na 4, za polithini, nazo zinafaa. Namba 3 ni PVC, iache: huchuja mafuta na mvuke wa asidi kadiri inavyozeeka, utepe unanata na chuma kinaliwa. Kama halina alama, linuse. Likinuka kama pazia jipya la bafuni, rudisha kwenye rafu. Chagua lenye kina kifupi, sentimita 15 yatosha, maana sanduku refu humshawishi mtu kurundika. Mfuniko uwe wa kubana kwa vishikio.

Ndani tandika kitambaa cha marekani, ile pamba ghafi isiyopaushwa ambayo bibi zetu walishonea foronya na kuvalishia maiti. Kifue mara mbili kwa maji moto bila wanga, kikauke kabisa. Wanga ni chakula cha mende na wadudu wadogo wa karatasi. Laza rozeti safu moja, nyoosha mikia, toa pini. Tia kipira cha karatasi laini isiyo na asidi chini ya ua lisibonyee, ndipo ufunike na kitambaa na kuanza safu nyingine. Nyekundu isilale uso kwa uso na rangi nyingine. Hilo nimelipia.

Ongeza pakiti za silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu. Nunua ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba maji, kwani ile ya bluu inayogeuka waridi huwa na kemikali ya kobalti ambayo hupendi mtoto aichezee. Ikishashiba, iweke ovenini kwenye nyuzi 120 kwa saa mbili tatu, itarudi kufanya kazi. Vifurushi vidogo unavyokuta kwenye maboksi ya viatu havitoshi, na mara nyingi vimeshiba kabla hujavipata.

Sanduku linalobana vizuri hufungia ndani hata unyevu uliouingiza mwenyewe. Rozeti iliyotoka shambani ina jasho la farasi na vumbi. Ianike kivulini siku mbili tatu, ipige brashi laini ya kupakia poda, ndipo iingie. Kwa watu wa Pwani, fanya kazi hii Januari au Februari kaskazi inapovuma na hewa ni kavu kidogo. Kila miezi sita fungua, pepea, tazama.

Namba mbili: fremu yenye kina

Fremu ni ya rozeti moja, tatu zikizidi sana: ya kwanza kabisa, ya ubingwa, au ya farasi aliyekufa. Fremu ya rozeti kumi inakuwa ubao wa matangazo, na ukitaka kuongeza ya kumi na moja huna pa kuitia.

Hapa fundi ndiye unayemnunua, zaidi ya mbao. Mwulize mambo matatu. Ataishikishaje? Akisema "naibandika na gundi, haitoki milele", mshukuru uondoke, kwa sababu haitatoka kweli, na gundi itageuka njano ikapenya mbele. Jibu unalolitaka ni kushona: nyuzi za pamba, mishono michache nyuma ya ua na miwili mitatu isiyobana kwenye mikia. Kina ni kiasi gani? Kati ya kitambaa na kioo ibaki nafasi, kwa hiyo fremu iwe na sentimita nne au tano, la sivyo utepe utagusa kioo na usiku wa baridi utachukua umande wa kioo. Nyuma anaweka nini? Mbao za kubandwa na hadibodi hutoa mvuke wenye asidi. Omba kadibodi isiyo na asidi, au angalau avalishe ubao wake kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa.

Kioo cha kawaida huacha sehemu kubwa ya miale ya jua inayopausha ipite. Kuna kioo na akriliki (plastiki angavu kama kioo) za kuchuja miale hiyo, ni ghali, na mimi nimelipia mara moja kwa rozeti moja. Hata hivyo hakuna kioo kinachookoa fremu iliyotundikwa mkabala na dirisha. Ukuta wa korido usio na jua, mbali na jiko na bafu, unashinda kioo chochote.

Namba tatu: albamu ya mifuko

Hii ni ya picha, namba za mgongoni, ratiba ya siku na karatasi ya majaji. Mifuko iwe ya polipropilini au poliesta. Zile albamu za kurasa zenye gundi na nailoni ya kufunua, ambazo kila sebule ya utotoni mwetu ilikuwa nazo, zimetugeuzia picha za harusi za wazazi kuwa njano. Tusizirudie. Karatasi ya majaji kama imechapwa kwa mashine ya risiti itafutika yenyewe. Piga picha siku hiyo hiyo.

Namba nne: sanduku la bati

Siwezi kulitukana, limenisomesha. Panya haliwezi, mchwa haliwezi, na kiza chake ni kamili. Tatizo ni kwamba bati hupoa haraka usiku na kutoa jasho kwa ndani, na likikaa juu ya sakafu ya saruji linashinda kwenye ubaridi na unyevu wa chini. La baba lilikaa hivyo, mgongo ukiegemea ukuta wa nje. Ukiwa nalo tayari, liinue juu ya matofali mawili au vipande vya mbao, liache nafasi ya kiganja na ukuta, livishe marekani ndani, utie silika jeli. Kama huna, usilinunue kwa kazi hii.

Namba tano: kasha la mbao

Kasha la Lamu au Zanzibar, lenye njumu za shaba, ni uzuri wa nyumba. Lakini mbao hutoa mvuke wa asidi kwa miaka mingi, na ndani ya kisanduku kilichofungwa mvuke huo hauna pa kwenda ila kwenye medali zako. Weka humo koti la mashindano, limefungwa kitambaa. Rozeti na medali zikae kwenye kisanduku cha plastiki ndani ya kasha, ukipenda.

Vya kuacha dukani

Mifuko ya kunyonya hewa: hulilaza ua, na halisimami tena. Kamba ya kutundikia rozeti dirishani inafaa kwa wiki ya furaha, halafu zishushwe. Dawa ya nondo yenye naftalini ni sumu kwa watoto na hulainisha baadhi ya plastiki. Karafuu ndani ya kifuko zinanukia vizuri, ila mafuta yake yasiguse utepe.

Chuma na singa

Vikombe vingi vimepakwa fedha kidogo tu juu, na dawa ya kung'arishia shaba husugua hadi ukaona njano chini. Kitambaa laini kikavu, basi. Vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu usivisugue kabisa. Kombe la kuzunguka litarudishwa mwakani, kwa hiyo nunua picha nzuri: mtoto, farasi na saisi wakiwa pamoja. Medali zikae kila moja kwenye kifuko chake, mbali na mpira na sufu, vitu vinavyoisawijisha fedha.

Kiatu cha farasi cha chuma kisugue kwa brashi ya waya, kikaushe, kipake tone la mafuta ya cherehani. Vile vyepesi vya alumini, vya farasi wa mbio, havishiki kutu.

Singa za mkia zinahitaji uangalifu kuliko vyote, kwa sababu nondo huzila kama wanavyokula sufu. Omba ruhusa kwa mwenye farasi, kata fungu jembamba kutoka chini ya mkia lisionekane pengo, lifunge uzi kabla ya kukata. Osha kwa shampuu, suuza mara tatu, kausha siku nzima. Kisha tia kwenye mfuko uliofungwa vizuri, uweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ili mayai ya wadudu yafe. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba. Sisi tulifanya hivyo farasi mzee wa shule ya binti alipodungwa sindano ya kumpumzisha mwaka jana, na binti alisuka mwenyewe.

Zile mbili za baba nilizianika kivulini, nikazipangusa ukungu nje uani huku nimefunga barakoa, nikazikata pini. Doa halikutoka. Zimelala safu ya juu ya sanduku la binti, na karatasi yake niliiandika baba akiwa ameketi pembeni yangu: Tufani. Jamhuri Park. Nyekundu, kuruka viunzi, wa kwanza. Saisi ni yeye. Mwaka hakuukumbuka, nikaacha nafasi.